Tufani ya Mtani Wangu

Tangu nirudi sijajaza ndoo moja pale bombani bila mtu kunishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu Somoe, hebu tuambie, ni kweli ulimwibia bibi yako sanda?" Nikijibu ndiyo, wananitazama kwa jicho la pembeni. Nikianza kueleza kwa nini, kengele ya shule inalia nikiwa sijafika hata Ziwani, kituo cha kwanza cha safari. Kwa hiyo nimechukua daftari la mtoto mmoja aliyehama shule, kurasa nyingi bado nyeupe, nikaandika yote kituo kwa kituo. Someni, kisha mniache nichote maji. Mambo ya kuomba ruhusa na kutafuta nafasi kwenye lori nayaruka, hayana utamu wowote.

CHUNO: HABARI INALETWA

Lazima nianze na Komba, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Bwana Komba ni Mngoni wa Songea, karani katika ofisi moja karibu na bandari, nasi tunakaa nyumba ya tatu kutoka kwake hapa Chuno, Mtwara. Mimi kwa mama ni Mmakonde, lakini kwa baba ni Myao, na babu zetu sisi na babu zao Wangoni walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri wataniane. Basi Komba ni mtani wangu. Mtani akichukua kuku wako humshitaki, akikutukana hununi, na ukifiwa yeye ndiye mwenye msiba kuliko wewe.

Baba yangu alipofariki, Komba alivaa koti na kofia ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kikohozi chake kilekile na kuuliza ni nani kamaliza ugoro wake. Mama hakuwa ametia kitu mdomoni kwa siku mbili. Alicheka mpaka akaomba uji. Nilimshukuru Komba kimoyomoyo siku ile, kwani mtani hashukuriwi kwa mdomo.

Sasa, mwaka huu, siku moja kabla ya Pasaka, Komba alipiga rangi viatu vyake vyeusi vya kanisani akavianika dirishani. Mimi nilikuwa napita. Sitaki kusema mengi. Komba alikwenda kusali Pasaka amevaa katambuga za tairi, na kwaya nzima, wanavyosema, ilikuwa inaimba ikitazama miguu yake. Alipokuja kuniuliza niliapa kwamba sijaona viatu vyovyote vikipita hapa peke yao. Akasema, "Haya, mtani. Mungu hamfichi mwizi." Nikajua deni hilo la mzaha litalipwa, ila sikujua lini.

Likizo ilikuwa ianze Alhamisi. Nilikuwa nimeamua kwenda kwa Bibi, mama yake mama, anayekaa kijiji kimoja mbele ya Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma. Nilikuwa nimemwahidi likizo nne mfululizo na zote nne nikamkosea, mara mtoto anaumwa, mara semina. Safari hii alimtuma muuza samaki na ujumbe mfupi: "Mwambie mjukuu wangu, akishindwa kuja likizo hii, aje kwenye arobaini yangu." Maneno hayo yalinikaa kifuani. Niliona aibu, na niliogopa pia.

Jumatano jioni Komba akaingia kwetu bila hodi, uso umemkunjamana.

"Mtani, usisafiri," akasema. "Habari imeingia ofisini. Tufani inakuja. Itapiga pwani yote kuanzia mdomo wa Ruvuma kuja huku."

"Lini?"

"Siku tatu hivi. Ahirisha. Viumbe wa Mungu nyie, msiende kufa."

Nilitoka nje kutazama mbingu. Hata wingu la kufutia kioo halikuwepo. Redio ya jirani ilikuwa inapiga muziki wa dansi kwa raha zake. Nikarudi ndani nikamwambia, "Tufani hiyo inavaa viatu namba ngapi?"

Komba alishika kifua akaapa kwa mama yake. Mtani kuapa kwa mama yake ni jambo la kila siku.

Mume wangu Selemani, fundi cherehani, aliamini papo hapo. Alitaka kuamini. Mara ya mwisho tulipokwenda, Bibi alimwita "mume wangu" tangu asubuhi hadi jioni, kama bibi yeyote anavyomwita mume wa mjukuu wake, lakini akamtumia kama mume kweli: kuezeka choo, kuangua nazi, kupasua kuni. Alirudi Mtwara mikono imechubuka, hawezi kushika sindano.

"Mama Zuberi," akaniambia, "tahadhari kabla ya hatari. Tukae hapa tupumzike."

"Hiyo ni tufani ya viatu," nikamjibu. "Mngoni anataka likizo yangu iharibike kama Pasaka yake ilivyoharibika."

"Na kama ni kweli?"

"Kama ni uongo, tunakwenda kupumzika. Kama ni kweli, Bibi analala hatua kumi kutoka baharini, basi ndiyo kabisa tunakwenda."

Selemani aliweka mkasi chini. "Kwa hiyo hakuna habari yoyote duniani inayoweza kutuzuia?"

"Hakuna."

Nilisema hivyo kwa ubishi tu. Tufani sikuiamini hata chembe. Mwanetu Zuberi tulimwacha kwa dada yangu Ufukoni, na usiku kabla ya kulala nilitia viatu vya Komba chini kabisa ya kikapu changu, nikavifunika kwa kanga, nikijua tukishatoa mguu tu atakuja kupekua nyumba nzima kwa haki yake ya utani.

CHUNO HADI ZIWANI: MATOPE

Lori lilikuwa linakwenda Msimbati kuchukua nazi. Dereva wake aliitwa Dadi, mtu mnene, mpole, asiyeamini breki. Tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, watu kumi na wawili na mbuzi mmoja ambaye nafasi yake ilikuwa nzuri kuliko yetu.

Kabla ya Ziwani kuna bonde, na katika bonde hilo mvua za masika zilikuwa zimeacha tope jekundu. Dadi alilitazama, akasema "Bismillahi," akaingia. Tulikaa mle tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri. Wanaume walisukuma, wanawake tukatoa ushauri. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe alikataa kushuka, akasema yeye amelipia kubebwa, hajalipia kusukuma. Gurudumu lilipozunguka, tope lote liliruka likamfuata palepale alipokaa, kuanzia kofia hadi kiunoni, na sisi tuliokuwa chini hatukupata hata tone. Baada ya hapo alishuka akasukuma vizuri sana.

Mama mmoja wa nyumba ya karibu alituletea mihogo ya kuchoma na ngisi mkavu aliyebanikwa, mgumu kama soli lakini mtamu. Nikamsimulia kuhusu tufani ya Mngoni, kwa kumchekesha. Alicheka sana. Kisha akauliza, "Lakini mbona upepo umekata?" Ni kweli, majani ya mikorosho yalikuwa yametulia, hakuna hata moja linalotikisika. Nikamwambia ndiyo raha ya safari. Tulilala Ziwani kwenye baraza la duka, tumejipanga mstari mmoja.

MADIMBA: SELEMANI ANASHIKWA

Ijumaa tulifika Madimba saa tano na nusu, na hapo safari ikasimama tena, maana wanaume wote walikwenda kuoga ili wawahi sala. Mzee wa kanzu alioga zaidi ya wote. Baada ya sala ndipo tukakuta kizuizi: gogo limelazwa barabarani na mgambo wawili wamekaa kivulini. Siku hizi ng'ambo ya mto kuna vita, na kila anayekaribia mpaka anaulizwa anatoka wapi na anamfuata nani.

Mgambo mkubwa akamuuliza Selemani, "Mnakwenda wapi?"

"Kwa bibi yake mke wangu, pwani."

"Kufanya nini?"

Mume wangu ni mkweli, na hilo ndilo tatizo lake. Akajibu, "Wengine wanasema tunakwenda kupumzika. Mimi nadhani tunaifuata tufani."

"Tufani gani?"

"Inayokuja."

Mgambo akasimama. "Nani kakwambia? Redio haijasema. Wewe unaeneza uvumi mpakani?"

Wakamweka chini ya mti, wakamtaka ataje aliyempa habari hizo, anakaa wapi, anatumwa na nani. Mimi nilikuwa na hasira na nilikuwa nimebanwa na kicheko, vyote kwa pamoja, na sikujua kitangulie kipi. Nikasogea nikasema, "Ndugu yangu, aliyesema ni mtani wangu. Anaitwa Komba. Mngoni. Nimemfichia viatu."

Mgambo mdogo alikuwa wa kwanza kuangua kicheko. Mkubwa alijikaza kidogo, naye akashindwa. "Mngoni ndiye kasema? Kumbe!" Akaondoa gogo kwa mkono wake mwenyewe. "Piteni. Na wewe bwana, siku nyingine ukiulizwa, anza na kabila la aliyekwambia."

Saa nzima ilikuwa imepotea hapo.

NJIA YA MSIMBATI: KAA

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipokaribia mikoko, na hapo Dadi akasimamisha lori ghafla. Alikanyaga breki! Tulijua kuna jambo. Barabara nzima ilikuwa inatembea. Kaa, wadogo kwa wakubwa, wekundu na weusi, wanatoka mikokoni upande wa bahari na kuvuka kwenda juu bara, wamepandana, hawamtazami mtu.

Mnadhani kuna aliyeuliza wanakwenda wapi? Tuliruka chini na ndoo, vikapu, makarai, hata kofia. Abiria mmoja akauliza kama kaa ni halali, mzee wa kanzu akamjibu kwamba wanavyuoni wamehitilafiana, huku akiwatia wawili kwenye mfuko wa kanzu. Mmoja akamshika pajani kwa ndani. Kwa jinsi alivyoruka niliona hitilafu hiyo imekwisha. Selemani alijaza ndoo yetu mpaka juu, akafurahi kwa mara ya kwanza tangu Chuno.

"Unaona?" nikamwambia. "Hii ndiyo likizo."

Msimbati lori likakwama kwenye mchanga, na kutoka hapo tulitembea kwa miguu na ndoo ya kaa, mpaka kijijini.

KWA BIBI: SANDUKU

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake, mdogo, mweusi, ndonya yake ya zamani imeacha tundu kwenye mdomo wa juu, na macho yake makali vilevile, na lafudhi yake ya Kimakonde vilevile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, nke mwenzangu. Umekuja kwa miguu au umekuja kwa aibu?"

"Kwa vyote viwili."

"Na nme wangu umemleta. Njoo hapa, nme wangu, kuna kuni." Selemani akanitazama.

Tulipika kaa kwa nazi na tukala kwa ugali wa muhogo. Bibi hakula. Aliinua gando moja, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa koroboi, akauliza tuliwaokota wapi na walikuwa wanaelekea upande gani. Nikamwambia. Akaliweka chini taratibu, akasema, "Kaa wana akili mwaka huu." Mimi nilikuwa nalamba vidole. Nikikumbuka sasa naona haya. Wale viumbe walikuwa wajumbe, na sisi tukawatia nazi.

Kabla ya kulala Bibi alinionyesha sanduku lake la bati, kama alivyokuwa akinionyesha tangu nikiwa mdogo. Ndani mna sanda yake, bafta nyeupe, vipande vitano kama ilivyo ada kwa mwanamke, amevikata na kuvikunja mwenyewe, na ubani, na chupa ya marashi. Wazee wengi wa pwani wanalo sanduku la namna hiyo. Lakini safari hii alivitoa kipande kimoja kimoja na kuvihesabu mbele yangu, akasema, "Vimetimia. Ukija wakati wowote utavikuta hapa." Nilimwambia aache maneno hayo. Akacheka, akanifinya shavu.

KWA BIBI: MGENI

Jumamosi asubuhi mbingu ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa samaki. Upepo ulianza kwa vipande: unapiga, unaacha, unapiga. Selemani alikuwa juu ya choo, anaezeka. Yeye ndiye aliyemwona kwanza.

"Mama Zuberi! Tufani yako hiyo inakuja kwa miguu!"

Alikuwa Komba. Matope mpaka kifuani, shati limechanika, anachechemea. Baiskeli yake ilikuwa imekatika mnyororo baada ya Ziwani, akaiacha kwa mtu. Katambuga moja ilibaki kwenye tope la lile bonde letu, nyingine akaitupa. Alikuwa ametembea miguu mitupu juu ya matumbawe na miiba, na kila hatua yake ilikuwa inaacha damu kidogo mchangani.

"Mtani," akasema, akakaa chini. "Ile tufani ni kweli."

"Ile ipi?"

"Ile niliyokudanganya."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Jumatano nilikudanganya. Nilijua utakwenda tu, nilitaka uende na wasiwasi. Jana asubuhi habari yenyewe ikaingia ofisini, ya kweli, mahali palepale nilipotaja mimi." Akafuta uso. "Nikajua hutaamini mtu yeyote, kwa sababu yangu. Ondokeni hapa."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, maana mzaha wa kutembea siku nzima kwa miguu ungekuwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kunifanyia, na Komba anaweza. Nikaingia ndani, nikatoa viatu vyake vyeusi kutoka chini ya kikapu, nikamwekea mbele ya macho.

"Haya, umeshinda. Vichukue."

Komba hakuvitazama. Alikuwa anaitazama bahari. Mtani anaweza kuigiza huzuni, anaweza kulia machozi, anaweza kuapa kwa mama yake. Lakini mtani aliyewekewa mali yake mbele na asiigeukie, huyo hatanii tena.

Nilikimbia kwa balozi wa nyumba kumi, Komba akinifuata kwa kuchechemea. Nilimkuta na wanaume wanacheza bao. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Habari hizo kakwambia nani?"

"Huyu bwana, karani wa bandarini."

"Ni nani kwako?"

Ningedanganya. Najuta sikudanganya. "Mtani wangu."

Walicheka mpaka kete zikamwagika. "Mwalimu, ndiyo umefanya mtani redio?" Na Komba alipoanza kuapa wakacheka zaidi, wakasema Mngoni huyu ni hodari, mpaka miguu kajipaka damu ya kuku.

Nikarudi kwa Bibi. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kitanda chake, sanduku pembeni.

"Nilijua tangu kaa," akasema.

"Basi twende, Bibi! Kule juu kwenye mikorosho kuna ghala la mawe."

"Nendeni. Babu yako kalala pale nyuma ya nyumba. Mimi ile tufani ya zamani niliikimbia, nikarudi nikakuta watu wote niliowajua hawapo. Sikimbii mara mbili. Nimekuona, nimekuonyesha sanda, basi. Ntu akiwa na sanda yake hana haja ya kukimbia."

Nilimbembeleza. Nikalia. Nikamwambia nitampiga. Selemani alijaribu kumbeba, akang'atwa mkono. Upepo sasa haukuwa unaacha. Bibi alilala, akajinyoosha, akafumba macho, mkono juu ya sanduku, na nikaona kwamba anangoja tu, na kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha likizo nne, na sasa nimekuja siku ya kuja kumzika.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi pia ni mtani wa mtu. Bibi na mjukuu, hakuna utani uliouzidi huo. Nikalinyakua sanduku nikatoka mbio.

MBIO KWENDA GHALANI

Kwa miaka saba Bibi alikuwa anatuma habari kwamba magoti yake hayamfikishi hata kisimani. Magoti hayo niliyasikia nyuma yangu kabla sijapita mwembe wa kwanza.

"Mwizi! Nirudishie sanda yangu! Unataka nizikwe na gunia?"

"Nifuate uichukue!"

"Mwana haramu wee! Nitakulaani!"

"Laani ukikimbia!"

Selemani, katika kuchanganyikiwa kwake, akafanya jambo la maana kuliko yote aliyofanya safari nzima. Alisimama katikati ya kijiji akapiga yowe, "Mke wangu kapagawa! Kaiba sanda!" Milango yote ikafunguka. Naye Komba, aliyekuwa hawezi kukanyaga chini, aliokota fimbo, akatia viatu vyake kwapani, akajiunga, na mara akawa Komba wa msibani. Alichechemea mbele ya nyumba hadi nyumba akitangaza kwa sauti ya mnadani, "Njooni mwone Myao anavyokula sanda ya bibi yake! Mzima mzima! Na marashi atakunywa! Msikae nyuma, mtasimuliwa!"

Hakuna kijiji duniani kinachoweza kukaa nyuma kwa jambo kama hilo. Waliotaka kunikamata walikuja, waliotaka kunitetea walikuja, na wengi walikuja kutazama tu. Akina mama walibeba watoto mgongoni, maana nani atamwachia nani mtoto wakati kila mtu anatoka? Balozi aliliacha bao, akaja mwisho, anahema, anasema atanifikisha mahakamani.

Nililaza sanduku kwenye sakafu ya ghala nikageuka. Bibi aliingia, akanichapa fimbo tatu za mgongo, safi, za mtu mwenye afya, akakaa juu ya sanduku. Watu wakajaa nyuma yake. Balozi alikuwa ndiyo kwanza anaanza hotuba yake pale mlangoni upepo ulipoong'oa mkorosho mzima nje na kuulaza aliposimama muda mfupi kabla. Akaingia ndani, akafunga mlango mwenyewe. Hotuba sijaisikia mpaka leo.

GHALANI

Sitaki kuieleza sana tufani yenyewe. Mawe yalikuwa yanalia. Watu walisoma Yasini, na Komba alisoma ya kwake kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemkataza. Niliogopa. Nilimshika Selemani nikamwomba radhi kwa mambo mengi, mengine hakuwa anayajua na sasa anayajua.

Ilipopungua kidogo, Bibi aliiona miguu ya Komba. Akaitazama, kisha akamtazama usoni.

"Wewe ndiye ntu wa viatu?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Umetoka Ntwara na miguu hiyo kuja kumwambia Myao ukweli?"

"Nilimdanganya kwanza."

"Hiyo ni kazi yako," akasema Bibi. Akafungua sanduku, akatoa kipande cha juu cha bafta, akaking'ata ukingoni, akakichana. Kelele zote za upepo nilizivumilia, lakini sauti ya kitambaa kile kuchanika ilinifanya nilie tena. Alimfunga mguu mmoja, akachana tena, akafunga wa pili, akammiminia na marashi. Miguu ilivimba na vitambaa vikawa vinene, viatu vile vyeusi nilivyovibeba kutoka Chuno havikuingia hata kidole.

"Sasa sanda yangu imepungua," Bibi akasema, akinitazama kwa hasira ya kweli. "Vipande vinne. Mwanamke gani anakwenda na vinne? Kingine kavaa Nngoni, tena miguuni. Siwezi kufa hivi."

"Nitakununulia kingine, Bibi," akasema Komba.

"Ndiyo, utanunua. Nitangoja."

KURUDI CHUNO

Asubuhi tuliteremka. Watu wote tulikuwa tumetimia, hata balozi. Palipokuwa na nyumba ya Bibi palikuwa na mtumbwi wa mtu, umelala ubavu, na mnazi mmoja umeanguka pale pale kilipokuwa kitanda. Selemani alikitafuta choo chake, akakikuta kimesimama, kizima, na paa lake jipya. Hajaacha kukitaja. Bibi alikwenda nyuma akaangalia kaburi la Babu, lilikuwa mahali pake, akazungumza nalo kidogo, kisha akasema, "Haya, nke mwenzangu, nipeleke huko kwenu. Kwa muda tu."

Safari ya kurudi ilichukua siku nne, na Dadi hakulalamika, kwa kuwa barabara ilikuwa imejaa miti na breki hazikuhitajika. Bibi alikaa mbele, amepakata sanduku. Madimba mgambo mkubwa alimwona Selemani, akampigia saluti.

Sasa mnajua. Komba amepona, anavaa viatu vyake vyeusi, na mwisho wa mwezi alikuja na kitambaa cha bafta kipya kwapani, amekizungushia gazeti. Nilimkuta mlangoni kabla Bibi hajamsikia. Nikamnyang'anya kwa haki ya utani. Alinielewa papo hapo, akageuka akarudi kwao. Selemani amekishona mapazia.

Bibi anakaa chini ya mapazia hayo kila siku na hajui. Anauliza, "Yule Nngoni kaleta kitambaa?" Namjibu bado, Wangoni ni watu wa kesho. Anasonya, anasema kufa na sanda pungufu ni fedheha, anaomba uji, tena wa nazi. Hajui kusoma, kwa hiyo daftari hili haliniogopeshi. Ninyi ndio mnaoniogopesha, mkija kuchota maji na kupita kumwamkia.

Kwa hiyo mkiniuliza tena pale bombani kama ni kweli nilimwibia bibi yangu sanda, jibu ni kwamba nimemwibia mara mbili. Na Komba akileta nyingine, nitaiba na hiyo.